ALSA tupu, PulseAudio, JACK au PipeWire: namna ya kuchagua kwa kadi yako ya sauti kwenye Linux

Ukitaka kadi ya sauti ikae sawa kwenye Linux utakutana na majina manne ya programu zinazosimamia sauti, ALSA, PulseAudio, JACK na PipeWire, na kila mwongozo utakaoufungua utakuvutia upande wake. Mmoja unakuambia ufute PulseAudio, mwingine uweke JACK, wa tatu unasema PipeWire imeshamaliza ubishi. Watu wanafuta na kuweka bila kujua wanatafuta nini, na jioni ikifika kompyuta haitoi sauti kabisa. Ulinganisho huu ni wa mtu aliyekwama hapo: mwenye laptopu ya kazi, mwenye studio ndogo anayerekodi kwaya, fundi anayefunga mashine ya matangazo, mwanafunzi ambaye maiki yake haisikiki kwenye kipindi cha mtandaoni.

Jambo moja lieleweke tangu mwanzo. Haya manne hayashindani kwa utamu wa sauti. Kadi inayopiga ni ileile, na draiva inayoiendesha ndani ya keneli (kiini cha mfumo) ni ileile ya ALSA, hata ukichagua lipi. Yanatofautiana katika nani anaruhusiwa kuitumia kadi, wangapi kwa wakati mmoja, na sauti inachukua muda gani kufika.

## Kabla ya kuchagua, hakikisha kadi inaonekana

Fungua terminali uandike:

`cat /proc/asound/cards`

Ukipata orodha yenye namba 0, 1, 2 na majina kama PCH, HDMI au Generic, keneli imeipata kadi. Ukipata `--- no soundcards ---`, weka kando mjadala wa seva za sauti, yaani programu kama PulseAudio, JACK na PipeWire zinazogawia programu nyingine kadi. Zote hupitia keneli hiyohiyo, na hakuna hata moja itakayokutolea sauti kwenye kadi ambayo keneli haiioni.

Kwenye laptopu za Intel za miaka ya karibuni, sababu ya kawaida ni femwea, programu ndogo inayopakiwa ndani ya kifaa chenyewe. Maiki zake za ndani ni za kidijitali, na hupitia prosesa ndogo ya sauti ambayo haiamki bila Sound Open Firmware. Kwenye Debian kifurushi chake ni `firmware-sof-signed`, kwenye Fedora ni `alsa-sof-firmware`, kwenye Arch ni `sof-firmware`. Kikikosekana, mipangilio ya sauti hukuonyesha kifaa kimoja tu, `Dummy Output`, ambacho hakipo. Weka kifurushi, washa kompyuta upya, kisha angalia tena.

Kadi ikionekana lakini iko kimya, fungua `alsamixer` na ubonyeze F6 uchague kadi yenyewe. Usiruke hatua ya F6, kwa sababu mara nyingi utakachoonyeshwa mwanzo ni kitelezi kimoja cha PulseAudio au PipeWire, na hicho hakikuonyeshi yaliyo chini yake. Ukishachagua kadi utaona safu: Master, Headphone, Speaker, PCM. Chini ya kila safu kuna kisanduku. Kikiwa na `MM`, chaneli imenyamazishwa. Kikiwa na `00`, iko wazi. Herufi M hubadilisha. Sogea kulia mpaka uone `Auto-Mute Mode`. Ikiwa `Enabled`, kadi huzima spika kila inapohisi hedifoni zimechomekwa, na kwenye laptopu za mtumba ambazo tundu lake limelegea au limejaa vumbi, kadi huhisi hedifoni ambazo hazipo. Iweke `Disabled`, halafu jaribu `speaker-test -c 2 -t wav`. Ukisikia ikitaja kushoto na kulia, kazi ya chini imekwisha na sasa unaweza kuchagua.

## Vigezo nilivyotumia

Nimepima kila chaguo kwa mambo matano: kusanidi kwake kunahitaji nini, programu ngapi zinaweza kupiga pamoja, sauti inachelewa kiasi gani, inavipokeaje vifaa vinavyochomekwa na kuchomolewa, Bluetooth ikiwemo, na ikiharibika, tatizo linatafutwaje. Baada ya hayo nimesema inamfaa nani.

Kuchelewa kunahitaji maelezo kidogo, maana ndiko kunakopotosha wengi. Sauti hukatwa vipande vidogo viitwavyo sampuli, na bafa ni fungu la sampuli zinazosubiri kupigwa. Hesabu yake si ngumu: ukubwa wa bafa, zidisha kwa idadi ya bafa, gawanya kwa sampuli za sekunde moja. Bafa mbili za sampuli 1024 kwenye 48000 ni karibu milisekunde 43. Bafa mbili za sampuli 128 ni milisekunde 5.3. Sasa, sauti hewani husafiri kama mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo milisekunde 10 ni sawa na kusimama mita tatu na nusu hivi kutoka kwenye spika, umbali ambao mpiga gitaa yeyote jukwaani ameuzoea. Milisekunde 43 ni sawa na kumsikiliza mwenzako akiwa karibu mita 15. Hapo mwimbaji anayejisikia kwenye hedifoni huanza kuburuza wimbo. Lakini anayetazama video hapotezi kitu, kwa sababu kichezeshi huisubirisha picha ili iende na sauti. Kuchelewa ni shida ya anayepiga au kuimba huku akijisikiliza. Kama wewe si huyo, usikubali mtu akutishe nako.

## ALSA tupu

Kusanidi. Hakuna seva ya kuweka. Draiva ziko ndani ya keneli, na maktaba ya `alsa-lib` huwa imeshawekwa. Mradi huu ulianzishwa na Jaroslav Kysela mwaka 1998, na keneli ya 2.6 iliyotoka Desemba 2003 ndiyo iliyoifanya ALSA ichukue nafasi ya OSS, mfumo wa sauti wa zamani wa Linux.

Kikwazo cha kwanza utakachokutana nacho mara nyingi ni HDMI. Kadi namba 0 inaweza kuwa ya skrini, na spika zako ziko namba 1, kwa hiyo sauti inaelekea kwenye waya ambao haujachomekwa popote. Dawa yake ni mistari miwili ndani ya `~/.asoundrc`, au ndani ya `/etc/asound.conf` ukitaka iwahusu watumiaji wote:

`defaults.pcm.card 1`
`defaults.ctl.card 1`

Tatizo ni kwamba namba hizo zinaweza kubadilika kompyuta ikiwashwa upya. Kama kadi zote mbili zinatumia draiva ya `snd_hda_intel`, njia ya kudumu ni kuweka faili ndani ya `/etc/modprobe.d` lenye mstari `options snd_hda_intel index=1,0`. Mstari huo huzibadilishia kadi hizo namba, na `.asoundrc` huihitaji tena.

Kupiga pamoja. Kadi nyingi za leo haziwezi kuchanganya sauti zenyewe. ALSA hufanya hivyo kwa programu, kwa kitu kinachoitwa `dmix`, nacho huwa kimewashwa tayari. Ila programu ikifungua `hw:0,0` moja kwa moja, inaishika kadi peke yake na wengine wanabaki nje. Pia huwezi kupunguza sauti ya programu moja ukaacha nyingine, isipokuwa programu yenyewe iwe na kitelezi chake. Na Firefox rasmi iliacha kupiga kupitia ALSA tangu toleo la 52 la mwaka 2017, kwa hiyo kwa mtu wa kivinjari hiki hili peke yake linatosha kuamua.

Kuchelewa. Kidogo kabisa ukiifikia kadi moja kwa moja. JACK na PipeWire nazo hupita hapahapa.

Vifaa vya kuchomeka. Hapa ni dhaifu. Programu ikishaanza kupiga kwenye spika za ndani, ukichomeka kadi ya USB haitahama. Itabidi uifunge na kuifungua upya. Bluetooth inahitaji kifurushi cha ziada, `bluez-alsa`, na kuandika mipangilio kwa mkono.

Ikiharibika. Ndiyo rahisi kuliko zote, maana tabaka ni moja. `fuser -v /dev/snd/*` hukuonyesha nani ameishika kadi. `aplay -l` hukuonyesha vifaa vya kupiga, `arecord -l` vya kurekodi. Mengi huishia hapo.

Inamfaa nani. Mashine ya kazi moja. Raspberry Pi inayocheza adhana kwa ratiba, kompyuta ya matangazo ya kituo, kicheza muziki cha MPD kinachotaka kuipelekea kadi sauti kama ilivyo kwenye faili. Kuna sababu ya kiufundi ambayo miongozo mingi huiruka: PulseAudio na PipeWire huendeshwa chini ya mtumiaji aliyeingia. Ukiandika kazi ya `cron` (kipanga ratiba cha mfumo) kwa jina la root, msimamizi wa mfumo, ikifika saa kumi na moja alfajiri haitakuta seva ya kuzungumza nayo, na hutasikia chochote wala kuona kosa. ALSA tupu haina mtumiaji wa kusubiri. Ipo tangu keneli ilipowaka.

## PulseAudio

Kusanidi. Mara nyingi ipo tayari. Mradi huu wa Lennart Poettering ulianza 2004, Fedora ikaufanya chaguo la kawaida kwenye toleo la 8 mwaka 2007, na Ubuntu ikafuata na 8.04 mwaka 2008. Kama bado unatumia Ubuntu 20.04 au 22.04, Debian 11, au Linux Mint 21, sauti yako inapita humu. Weka `pavucontrol`, kidirisha chenye vichupo vya kupiga, kurekodi, na vifaa, na utamaliza karibu kila kitu bila kugusa faili.

Kupiga pamoja. Ndiyo sababu ya kuwepo kwake. Kila programu inapata kitelezi chake, na unaweza kuihamisha kutoka spika kwenda hedifoni ikiwa katikati ya kupiga. Inaweza pia kupeleka sauti kwenye kompyuta nyingine ya mtandao wa ndani.

Kuchelewa. Kwa kusikiliza na mikutano, hakuna neno. Kwa kujisikiliza unaporekodi, sivyo. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo, na kuibana bafa zake huleta mikwaruzo kabla hujafika unakotaka.

Vifaa vya kuchomeka. Nzuri. Kadi ya USB ikichomekwa huonekana papo hapo. Bluetooth inafanya kazi, na toleo la 15.0 la mwaka 2021 liliongeza LDAC na aptX, mbinu za kubana sauti kwa ubora wa juu, kwa wenye hedifoni zinazoziunga mkono. Kumbuka tu kwamba hedifoni za Bluetooth zikifunguliwa maiki hushuka kwenye ubora wa simu, muziki ukawa mwembamba. Hiyo ni kanuni ya Bluetooth yenyewe, na utaikuta pia kwenye PipeWire.

Ikiharibika. Tatizo lake maarufu ni sauti kukwaruza na kukatikakatika kwenye baadhi ya kadi, hasa ndani ya kompyuta za kufikirika kama VirtualBox. Fungua `/etc/pulse/default.pa`, tafuta mstari wa `load-module module-udev-detect`, ongeza `tsched=0` mwishoni, kisha `pulseaudio -k`. Ikikumbuka mipangilio mibovu, ihamishe folda ya `~/.config/pulse` kando na uingie upya, itajitengenezea mpya.

Inamfaa nani. Mwenye mfumo wa zamani kidogo unaofanya kazi, ambaye anataka kusikia mkutano, muziki na kivinjari. Uzee wake ni faida ya kweli: tatizo utakalolipata limeshampata mtu, na jibu limeshaandikwa.

## JACK

Kusanidi. Hapa unaweka kazi kwanza, faida inafuata. JACK ilianzia kwa Paul Davis, mwanzilishi wa programu ya kurekodi ya Ardour, aliyehitaji programu za muziki zibadilishane sauti kwa kufuata saa ileile bila kuchelewa. Weka `jackd2` na `qjackctl`, jiunge na kundi la audio kwa `sudo usermod -aG audio $USER`, na uhakikishe faili lililo ndani ya `/etc/security/limits.d` lina mistari hii:

`@audio - rtprio 95`
`@audio - memlock unlimited`

Toka, ingia upya. Bila ruhusa hiyo JACK itawaka, lakini kazi nyingine yoyote ya kompyuta itaisukuma kando na utasikia mipasuko. Kisha ndani ya QjackCtl chagua kadi, sampuli 48000, bafa 256 kwa kuanzia, na vipindi (idadi ya bafa) 2. Kwa kadi za USB jaribu vipindi 3. Nyingi hutulia zaidi hapo.

Kupiga pamoja. Programu za muziki, bila kikomo cha maana, na kila moja unaiunganisha na nyingine kwa waya unaouona kwenye skrini: maiki inaingia Ardour, Ardour inatoka kwenda kwenye kichuja mwangwi, kinarudi. Hili lina thamani kubwa na ukilizoea ni vigumu kuliacha. Lakini kivinjari hakizungumzi lugha ya JACK. JACK ikiwaka inamwomba PulseAudio aiachie kadi, na YouTube inanyamaza mpaka ujenge daraja kwa `module-jack-sink`.

Kuchelewa. Ndilo shamba lake. Bafa 128, vipindi 2, sampuli 48000: milisekunde 5.3 upande wa kutoka, halafu ongeza njia ya kuingilia na muda wa kadi yenyewe. Kompyuta ikishindwa kujaza bafa kwa wakati, QjackCtl huhesabu `xrun`. Namba hiyo ndiyo mshauri wako. Ikipanda wakati wa kurekodi, ongeza bafa mara mbili; ikikaa sifuri nusu saa nzima, unaweza kujaribu kupunguza. Usianze na 64 kwa sababu umeiona kwenye picha ya studio ya mtu mwingine.

Vifaa vya kuchomeka. Kadi moja, na basi. Ukitaka kuongeza ya pili unahitaji `zita-ajbridge`, kwa sababu kadi mbili zina saa mbili, na saa mbili hazilingani kamwe. Baada ya dakika kadhaa moja imetangulia na sauti zinaachana. Ukichomoa kadi ya USB wakati JACK inafanya kazi, seva inaanguka. Bluetooth isahau.

Ikiharibika. Ujumbe wake ni wazi na dirisha la Messages la QjackCtl linasema ukweli. Kosa la kila siku ni kadi kushikwa na mwingine, au kuiomba sampuli ambazo kadi haina.

Inamfaa nani. Studio ambayo kompyuta yake inafanya muziki peke yake, na mtu ambaye mpangilio wake wa JACK umeshatulia kwa miaka. Kadi za nje kama Focusrite Scarlett au Behringer UMC nyingi hufuata kanuni ya kawaida ya USB na kutambuliwa na `snd_usb_audio` bila draiva ya ziada, kwa hiyo ugumu wa JACK hauko kwenye kadi. Uko kwenye muda wa kujifunza.

## PipeWire

Kusanidi. Kwenye mifumo mipya umeshaipata. Wim Taymans wa Red Hat aliianza kwa ajili ya video, kisha ikachukua sauti. Fedora 34 iliifanya chaguo la kawaida Aprili 2021, Ubuntu 22.10 ikafuata Oktoba 2022, Debian 12 yenye GNOME mwaka 2023, na Linux Mint 22 mwaka 2024. Toleo la 1.0 lilitoka Novemba 2023. Kujua kama unayo, andika `pactl info` na usome mstari wa `Server Name`: ukiona maneno `PulseAudio (on PipeWire` na namba ya toleo, basi kinachojibu ni PipeWire, ikiongea na programu kwa lugha ya PulseAudio.

Hapo ndipo penye akili yake. Programu iliyoandikwa kwa PulseAudio inaongea na `pipewire-pulse`, ya JACK inaongea na `pipewire-jack`, ya ALSA inapita `pipewire-alsa`, na zote zinaishia kwenye kadi moja bila kujua. Angalia tu kwamba vifurushi hivi vitatu vimewekwa. Distro (mifumo ya Linux iliyofungashwa) nyingine huacha cha JACK nje. Programu ya JACK ikikataa kuiona kadi, ianzishe kwa kutanguliza `pw-jack`, mfano `pw-jack ardour`.

Kupiga pamoja. Pana kuliko zote nne. Ardour na Firefox kwa pamoja, mkutano unaendelea, na waya unauona kwenye `qpwgraph`. Mwalimu anayefundisha gitaa mtandaoni anaweza kuipeleka sauti ya kadi ya USB kwenye mkutano na kwenye rekodi kwa mpigo. Kabla ya hii, kazi hiyo ilihitaji daraja juu ya daraja.

Kuchelewa. Kwa kawaida huanza na bafa ya sampuli 1024, na programu ikiomba ndogo inapewa. Ukitaka kuilazimisha:

`pw-metadata -n settings 0 clock.force-quantum 128`

Weka 0 mahali pa 128 kuirudisha. Halafu fungua `pw-top` na uitazame ikifanya kazi. Kila mstari ni programu au kifaa. Safu ya QUANT ni bafa iliyotumika kweli, RATE ni sampuli, na ERR ni idadi ya mara sauti iliposhindwa kufika kwa wakati. Ukiona ERR ya kadi yako inaongezeka kila unapofungua tabo ya kivinjari, umepata jibu bila kukisia: rudi 256. Kwa kazi nyingi za kurekodi nyumbani inaikaribia JACK kiasi kwamba sikio halitatofautisha. Kwenye kompyuta dhaifu inayobanwa mpaka bafa 64, JACK peke yake bado ina sifa ya kutulia.

Vifaa vya kuchomeka. Bora. Kadi ya USB, HDMI, Bluetooth yenye LDAC na aptX, vyote vinakuja na kuondoka bila kuangusha kitu. Kwa kadi zenye njia nyingi, ingia `pavucontrol`, kichupo cha mwisho, uchague wasifu wa Pro Audio. Kila tundu la kadi litaonekana kivyake badala ya kufungwa kwenye kushoto na kulia.

Ikiharibika. Hapa nina la kumwonya mtu. Mradi unakwenda kasi, na miongozo inachakaa haraka. WirePlumber, ambayo ndiyo inayoamua kifaa gani kiunganishwe na kipi, ilibadilisha lugha ya mafaili yake kwenye toleo la 0.5 mwaka 2024, kutoka Lua kwenda mtindo unaofanana na JSON. Ukinakili mwongozo wa 2022 kwenye mfumo wa leo, faili lako litapuuzwa. Kwa hiyo angalia toleo kwanza, `wireplumber --version`, ndipo utafute msaada. Kinyume chake pia ni kweli: Debian 12 ina toleo la 0.3.65 la PipeWire, na baadhi ya mambo utakayoyasoma leo hayamo humo. Kwa matatizo ya kawaida, `wpctl status` inakuonyesha kilichopo na nyota mbele ya kifaa kinachotumika, `wpctl set-default` na namba yake inakibadilisha, na hii inaanzisha upya yote:

`systemctl --user restart wireplumber pipewire pipewire-pulse`

Inamfaa nani. Mtu wa kompyuta moja anayefanya mambo mengi: kazi mchana, kurekodi usiku. Na yeyote anayeweka mfumo mpya leo, kwa sababu ndiyo itakayokuja.

## Kama Unix yako si Linux

Kwenye FreeBSD, OSS haijaondoka. Iko ndani ya keneli na inachanganya sauti yenyewe, kwa hiyo hakuna haja ya seva. `cat /dev/sndstat` huorodhesha kadi, na `sysctl hw.snd.default_unit=1` hubadilisha ya kutumia. OpenBSD ina `sndio`, ndogo na safi. Kama maiki yako kwenye OpenBSD inarekodi ukimya mtupu, si kadi: kurekodi kumezimwa makusudi kwa ajili ya faragha, na `sysctl kern.audio.record=1` hukuwashia. ALSA, katika mifumo hiyo miwili, usiitafute kama draiva.

## Kwa hali yako

Umeweka distro mpya na unataka tu kila kitu kisikike: baki na PipeWire iliyokuja nayo, usifute chochote. Ikikataa, rudi kwenye `alsamixer` na F6 kabla ya kubadilisha seva.

Uko Ubuntu 20.04 au 22.04, PulseAudio inafanya kazi, na mtandao wako ni wa kununua bando: usihame kwa sababu ya sifa. Hama utakapopandisha mfumo mzima, na hapo PipeWire itakuja yenyewe. Mbaya zaidi ni kuziacha zote mbili zikigombania kadi. Ukihama, hakikisha `pulseaudio` imezimwa kabisa.

Unarekodi kwaya au gitaa kwa kadi ya USB na kompyuta hiyohiyo ndiyo ya barua pepe: PipeWire, bafa 256 kwanza, `pw-top` pembeni. Ikiwa kadi ina kitufe cha kusikiliza moja kwa moja, kitumie, kwa sababu mwimbaji atajisikia kutoka kwenye kadi bila kupita kompyuta, na bafa ya 1024 haitamsumbua hata kidogo. Wengi wenye kadi ya namna hii hawakuhitaji kuhangaika na kuchelewa tangu mwanzo.

Studio yako ina kompyuta ya muziki peke yake, au unapiga kinanda cha programu jukwaani: JACK. Ukitaka kwenda mbali zaidi, keneli ya 6.12 imeingiza PREEMPT_RT rasmi, kwa hiyo keneli ya muda halisi si lazima tena iwe ya kubandika viraka kwa mkono.

Mashine inakaa kwenye kabati, haina skrini, na kazi yake ni kucheza adhana, kengele ya shule au vipindi vilivyorekodiwa: ALSA tupu. Ukishapata sauti inayofaa kwenye `alsamixer`, andika `sudo alsactl store`. Viwango vinahifadhiwa ndani ya `/var/lib/alsa/asound.state`, na umeme ukikatika usiku, asubuhi mashine itawaka na sauti ileile.